Kipindi cha muziki ni cha darasa zima, sio cha mgeni rasmi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagamoyo, mwaka huu natimiza miaka 17 kazini, na naomba nafasi kwenye safu ya barua maana hili jambo limenikaa rohoni siku nyingi, nimeshaliongea kwenye vikao mpaka nimechoka, wenzangu wanaitikia kwa kichwa na tukitoka nje yameishia hapo. Ni kuhusu kipindi cha muziki. Nasema hivi, muziki kwenye shule zetu za msingi tumeufanya mali ya mgeni rasmi badala ya kuwa wa watoto, na ile sababu tunayojificha nyuma yake kila siku, kwamba watoto ni wengi mno haiwezekani kuwafundisha wote, mi siikubali na nitaeleza kwa nini.

Mnajua inavyokuwa. Ratiba imebandikwa ukutani ofisini na tangu Januari 2024 mtaala ulioboreshwa ulipoanza kwa darasa la kwanza na la tatu somo la Sanaa na Michezo limeandikwa pale kwa wino kabisa, hata kwenye mtaala wa nyuma nyimbo zilikuwemo. Kipindi kinafika, mwalimu wa Hisabati anakuja mlangoni, "niazime hicho nimalizie mada," unampa, wiki ijayo ni Kiingereza, wiki inayofuata mnafagia uwanja. Na hata kisipoazimwa mwalimu ambaye muziki haujui anafungua ukurasa wa kuchora, mwaka mzima watoto wanachora nyumba na mnazi. Afu ghafla linatoka tangazo kwamba kuna kiongozi anakuja, ama mahafali ya darasa la saba, ama UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, imekaribia na kule kwaya na ngoma zinashindaniwa, hapo ndo shule nzima inakumbuka kuwa kuna muziki. Mwalimu anapita madarasani anasikiliza sauti, wewe njoo, wewe njoo, wewe kaa. Wanapatikana thelathini. Hao thelathini wanatolewa darasani wiki mbili asubuhi mpaka mchana, wanafundishwa nyimbo mbili za kumkaribisha mgeni, wanashonewa sare, siku inapita, mgeni anaondoka, vitambaa vinafungiwa kabatini mpaka mgeni mwingine. Wale mamia waliobaki hawajapata hata dakika moja, na kilichowabakia kichwani ni kwamba siku ile mwalimu aliwasikiliza akawaambia kaeni. Huko ni kuwanyima watoto haki yao, sina neno jingine.

Na nasema haya kwa sababu na mimi nimeyafanya. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilipewa kwaya, na kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa darasa la nne. Naimba mstari wanaitikia, nasikia kuna sauti inanguruma chini kabisa, nje ya tuni, nikapita mstari kwa mstari natega sikio mpaka nikamfikia. Nikamwambia wewe simama nyuma, fungua mdomo tu usitoe sauti. Nilimwambia mbele ya wenzake. Alisimama nyuma wiki nzima anafungua mdomo na kufunga, na siku yenyewe ya shughuli hakuja shule. Jumatatu mama yake akanifuata, ni mama anayekaanga samaki pale sokoni, wala hakuja kwa ugomvi, alisimama pale barazani na kanga yake akaniuliza, "mwalimu, mwanangu kakosa nini?" Nilikosa la kumjibu, nikasema maneno maneno tu, akaniaga akaondoka.

Jibu la yule mama nililipata baada ya miezi kadhaa. Mafua yalinikamata sauti ikakauka, basi nikamwambia binti mmoja wa darasa la tano aniongozee yeye mistari, mi nitaonyesha mapigo kwa mkono. Binti akaimba, kwaya ikaitikia, na yule kijana alikuwa amekaa pembeni akaitikia na yeye, na sauti yake ilikuwa imenyooka, imekaa palepale pa wenzake. Nikamwita nikamwambia rudia. Akarudia, safi. Hapo ndo nikaelewa. Sauti ya mwanaume mtu mzima iko chini ya sauti ya mtoto kwa oktevu nzima, yaani do yangu na do ya mtoto zinaitwa jina moja ila ya mtoto ni ya nane ukihesabu kupanda kuanzia yangu, watoto wengi masikio yao yanatafsiri yenyewe wanahamia juu kunakowafaa, ila wapo wanaomfuata mwalimu palepale alipo, wanashuka mpaka koo linagoma, ndo ile ngurumo. Kwa hiyo mtoto hakuwa kiziwi wa tuni, mtoto alikuwa mtiifu kuliko wote, na mimi nilimwadhibu kwa utiifu wake. Nilimfuata mama yake sokoni kumweleza. Kijana akarudi kuimba, ila sijasahau.

Kwa hiyo walimu wenzangu wa kiume, hili nawaomba sana, ukifundisha wimbo usiwaanzishie kwenye sauti yako ya kawaida ya kuongea. Panda juu kwa sauti nyembamba hata kama unajisikia vibaya, ama chukua filimbi, ama fanya nilivyofanya mimi, mtoto mwenye sauti ya uhakika aongoze na wewe usimamie. Walimu wa kike nao wapo wenye sauti nzito wanaoanzisha chini sana, ni yaleyale. Na lingine, tuache kuwaambia watoto "imbeni kwa nguvu!" Mtoto ukimwambia imba kwa nguvu anapiga kelele, mishipa ya shingo inamsimama, tuni inapotea na kesho yake hana sauti. Mi nawaambia imba kama unamsimulia mwenzio siri lakini nataka maneno niyasikie yote. Watoto tisini wakiimba hivyo ni kitu kizuri mno Mhariri, natamani ungekuja usikie.

Sasa nirudi kwenye hii hoja ya wingi. Darasa langu la sasa lina watoto 94. Ngoma za shule ziko nne, mbili ngozi zimepasuka, kwa hiyo ngoma ni mbili. Kipindi ni dakika 40. Ukichukua dakika 40 ukawagawia watoto 94 kwa ngoma moja kila mtoto anapata kama sekunde 25, kwa ngoma mbili haifiki hata dakika moja, na wakati huo wengine wote wamekaa wanakodoa macho, na mtoto aliyekaa anakodoa macho kwenye kipindi cha muziki ataanza kumfinya jirani yake, hilo halina mjadala. Ndo maana walimu wanakata tamaa wanachagua thelathini. Tatizo lenyewe liko kwenye mikono iliyokaa bure, idadi inafuata tu nyuma.

Mimi ukombozi wangu umetoka jikoni. Hapa kwetu kila nyumba inakuna nazi, na ukishakuna nazi kifuu unakitupa ama unakitia motoni. Nikawaambia watoto kila mmoja aje na vifuu viwili kutoka kwao. Tulivisugua makali yake kwenye sementi ya baraza ili visikate mikono, tukatoa yale manyuzi, ikawa kila mtoto ana chombo chake na hakuna aliyetoa hata shilingi. Vifuu viwili ukivigonganisha midomo kwa midomo vinatoa mlio mnene, ukigonga migongo unatoka mlio mkavu, na watoto wenyewe waligundua kabla sijasema kwamba kifuu kikubwa kina sauti ya chini na kidogo kina sauti ya juu, wakaanza kupanga kuanzia kikubwa mpaka kidogo pale sakafuni, na mimi nikaacha niliyoandika kwenye maandalio ya somo nikawafuata wao. Wiki iliyofuata tukafanya chupa za soda na maji, ukiigonga chupa na kijiti maji yakizidi sauti inashuka, ukiipuliza mdomoni maji yakizidi sauti inapanda, wakabishana hadi mapumziko, kwa nini kitu kimoja kinafanya mambo mawili, na jibu ni kwamba ukigonga kinachotetemeka ni chupa pamoja na maji yake, mzigo ukiongezeka mtetemo unapungua kasi, ila ukipuliza kinachotetemeka ni hewa iliyobaki humo ndani na maji yakijaa hewa inakuwa fupi.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba siku ya kwanza ya vifuu ilikuwa nzuri. Ilikuwa balaa. Niligawa kwanza ndo nianze kueleza, na watoto 94 wenye vifuu 188 mkononi hawasikilizi maelezo ya mtu yeyote duniani, mwalimu wa chumba cha pili alikuja mbio anadhani paa limeanguka. Nilijifunza siku ile ile. Siku hizi maelekezo yanatangulia, nayasema mikono ikiwa mitupu, tunaupiga ule mdundo kwanza kwa makofi na kwenye mapaja mpaka nione umekaa, ndo vifuu vinatoka, tena vinapitishwa kwa safu kutoka mwisho wa mstari, hakuna mtoto anayeinuka kwenda kuchukua. Na nina neno moja, nikisema "kwapani!" kila mtoto anaweka vifuu kwapani, kimoja huku kimoja huku, anabana. Mtoto aliyebana vifuu kwapani hawezi kupiga wala hawezi kumgusa mwenzake maana vitadondoka. Neno hilo tulilifanyia mazoezi vipindi viwili vizima, piga, kwapani, piga, kwapani, kama mchezo, na hao wanaoona nilipoteza vipindi viwili nawaambia nimeokoa vipindi vya mwaka mzima.

Kupaza sauti nimeacha kabisa. Zamani nilikuwa napiga kelele "kimyaaa" mpaka jioni nyumbani nashindwa kuongea na wanangu. Sasa hivi nikitaka kimya napiga ngoma mapigo matano, mawili ya taratibu na matatu ya haraka, wao wanajibu makofi matatu kwa pamoja na baada ya kofi la tatu hakuna sauti. Ukiangalia sio jambo geni, mbiu ndo ilivyokuwa, inapigwa mara moja watu wanageuza kichwa. Kinachofanya kazi ni kwamba mtoto akiitwa kwa mdundo anajibu kwa mdundo, amekuwa sehemu ya hicho kimya chenyewe, wala hajaamrishwa tu kunyamaza.

Ngoma mbili zile nazo zina utaratibu wake. Darasa zima linapiga mdundo mapajani, mi napita katikati naangalia mikono, ninayemwona ameushika namgusa bega anakwenda kwenye ngoma, anapiga raundi mbili, anarudi, naye anagusa mwingine. Hakuna kuomba, hakuna kunyoosha kidole mimi mimi mwalimu. Matokeo yake ni kwamba wote wako kazini mapajani maana ndo njia pekee ya kufika kwenye ngoma. Na nimeona kitu hapo, wanaofika kwenye ngoma wa kwanza kwanza mara nyingi sio wale wa kalamu ya haraka, kuna mtoto mmoja wa kike mpole sana hasomi vizuri bado, tunahangaika naye, lakini mdundo akiusikia mara moja ameshaupata, na kuna siku ya wiki darasa linamtazama yeye kama mtu anayejua. Huyo kwenye ule mchujo wa thelathini asingechaguliwa maana sauti yake ni ndogo. Ngoma zenyewe nazikausha mimi mwenyewe kabla ya kipindi, huku pwani hewa ina unyevu ngozi inalegea, nawasha makuti makavu nyuma ya jiko la shule nakaribisha ngozi kwenye moto mpaka iite, hiyo kazi siwapi watoto.

Kuhusu kelele kwa madarasa jirani, hili ni la kweli na sio la kubeza, mwalimu anafundisha kugawanya huku upande wa pili vifuu vinalia, lazima akasirike. Nilimfuata Mwalimu Mkuu nikamwomba ratiba isogezwe, kipindi changu kiwe kabla tu ya mapumziko ya saa nne, na siku hiyo darasa la jirani liwe uwanjani. Siku za jua la wastani tunatoka kabisa kwenda chini ya mwembe. Nje kuna ubaya wake, sauti inapotea hewani na watoto wa mtaani wanakuja kusimama pembeni, ila ukiwakalisha nusu duara mgongo kuelekea barabarani wanatulia. Hilo ni suala la kupanga tu na Mwalimu Mkuu muungwana analipanga kwa dakika tano.

Nigusie la wazazi. Kwenye kikao kimoja mzee mmoja alisimama akasema, mwanangu nimemleta asome, sikumleta apige ngoma. Wengine waliguna kumuunga mkono na sikuwalaumu, mzazi anaangalia mtihani wa darasa la saba na ana haki ya kuwa na wasiwasi. Wapo pia wenye sababu za dini, mji wetu una waislamu wengi, na kuna nyumba ambazo ala za muziki hazikubaliki. Nilikaa na wazazi hao mmoja mmoja baada ya kikao, wala sikwenda kubishana mambo ya fikihi ambayo sio kazi yangu, niliuliza tu mtoto wako aruhusiwe nini. Wengi walisema kuimba na makofi sawa, dufu sawa, kucheza hapana. Basi mtoto huyo anaimba, anapiga makofi ama dufu, na kwenye kucheza yeye ndo mhesabu mapigo, hakuna anayemuuliza kwa nini. Na niongeze kitu, watoto wanaotoka madrasa wanakuja kwangu na sikio lililokwisha kunolewa. Sisemi kisomo ni muziki, kina heshima yake na mahali pake, nasema mtoto aliyezoea kumsikiliza ustadhi wake, wapi pavutwe na wapi pakatwe, anajua kusikiliza kwa makini, na mwalimu wa muziki anahitaji hicho kuliko kitu kingine chochote. Na upande wa pili Bagamoyo hii misheni ya Wakatoliki iko tangu 1868, watoto wa kwaya za kanisani nao wanakuja na kwao, wanajua kushika sauti ya pili hata ya kwanza ikiimbwa sikioni mwao. Ukiwakalisha pamoja unakuta nusu ya kazi imeshafanywa na wazazi na viongozi wao wa dini bila sisi shule kutoa senti.

Vifaa vingine tunavyolilia havihitajiki kwa kuanzia. Kinanda sina na sijawahi kukifundishia. Nina chaki. Solfa, ile njia ya kuandika tuni kwa herufi, d r m f s l t, ilitengenezwa Uingereza karne ya 19 na Sarah Glover, mama aliyekuwa anafundisha watoto kuimba, John Curwen akaikuza, wamisionari wakaileta huku, na faida yake kubwa ni kwamba inaandikika ubaoni kwa chaki ya kawaida na mtoto anayejua herufi saba ameshaanza kusoma muziki. Curwen akaweka na ishara za mkono, do ngumi, mi kiganja kimelala, so kiganja kimegeuka kukutazama, na Zoltán Kodály kule Hangaria aliyeamini kwamba muziki ni wa kila mtoto alizichukua ishara hizohizo akazitumia kwenye shule za nchi yake. Mimi nazitumia kila wiki, mkono ukipanda sauti inapanda, hata mtoto wa mwisho nyuma anauona, na ninapofundisha kwa mkono mdomo wangu umefungwa, darasa linaimba mimi kimya.

Na niwakumbushe kitu wanaosema muziki ni wa kupotezea muda. Kila asubuhi mstarini watoto wetu wanaimba wimbo wa taifa. Tuni ile aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897 kule Afrika Kusini, na Sontonga alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na kiongozi wa kwaya, aliandika kwa solfa hiihii ya herufi, kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwalimu wa watoto tu kama sisi. Halafu angalia tunavyouimba huo wimbo mstarini, kila mtoto na pa kuanzia kwake, mwalimu wa zamu anaanzisha chini watoto wanahangaika, ukifika juu wanapayuka. Tangu darasa langu waanze kupewa do kabla ya kuimba, mwanafunzi mmoja anatoa sauti, wenzake wanaishika kwa midomo iliyofungwa, ndo tunaanza, mstari wetu pale paredi unasikika ni tofauti, na madarasa mengine yameanza kuuliza.

Sitaki kuutetea muziki kwa kusema unasaidia Hisabati. Najua hoja hiyo inapendwa, na kweli ngoma nyingi za kwetu mikono inahesabu tatu miguu inahesabu mbili na mtoto akishaweza hilo sita ameielewa mwilini, lakini nikisema muziki ufundishwe kwa sababu ya hesabu, siku mtu akinionyesha njia fupi zaidi ya kufundisha hesabu nitakuwa sina la kusema. Mtoto anafundishwa muziki kwa sababu ni mtoto wa watu wanaoimba. Wazaramo, Wakwere, Wadoe, hakuna kilichofanyika kwao bila ngoma, mtoto akizaliwa, mwali akitoka, mtu akizikwa. Mwaka jana nilimwalika bibi wa mwanafunzi wangu mmoja aje darasani, alikuja na kiti chake, akawafundisha watoto kupokezana wimbo wa kusaga alioimba na mama yake, dakika ishirini tu, na nidhamu niliyoiona siku ile sijawahi kuipata kwa fimbo wala kwa ahadi ya zawadi. Bibi hakuinua sauti hata mara moja. Mtoto akikosea, bibi anarudia yeye mwenyewe taratibu na kumtazama.

Tena sisi wa Bagamoyo ndo hatuna kisingizio kabisa. Chuo cha Sanaa kipo hapahapa tangu 1981, tangu 2007 ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, vijana wanatoka nchi nzima kuja kusoma muziki na ngoma kwenye mji wetu, kila mwaka kuna tamasha la kimataifa, watu wanapanda ndege kuja kutazama. Marehemu Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na zeze lake na ilimba yake, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, akaja kuishi hapa na kutoka hapa akapiga muziki dunia nzima mpaka alipofariki 2003. Na mtoto wa shule ya msingi anayekaa nusu saa kwa miguu kutoka chuoni anamaliza darasa la saba hajawahi kufundishwa hata kupiga chapuo. Nawaomba wakuu wa elimu wa wilaya yetu wakae na chuo, wahitimu wapo mtaani humu humu, mmoja akija shule moja mara moja kwa wiki, akapewa nauli na chakula cha mchana, sidhani kama kuna bajeti itakayotetereka, na sisi walimu tukae nyuma ya darasa tujifunze nao, maana wengi wetu chuo cha ualimu tulipita juu juu kwenye muziki na hatuoni aibu kusema.

Na walimu wakuu, kipindi kile kimoja kwa wiki msikiazime. Hata darasa la nne na la saba wakiwa na mtihani, dakika 40 kati ya wiki nzima hazitomfelisha mtoto. Kwaya ya mgeni iwepo, mimi siikatai, ila itoke ndani ya darasa ambalo wote wameimba mwaka mzima, na akija mgeni mwacheni asikilize darasa la tatu zima na vifuu vyao, atafurahi zaidi.

Hilo la mwisho lina tatizo moja dogo ambalo ndo lilinifanya nishike kalamu wiki hii. Vifuu vinapasuka. Watoto ni 94 na leo asubuhi nimehesabu jozi 61, waliobaki wanapiga mapaja na wanawaangalia wenzao. Mama ntilie wa pale stendi na wa sokoni, mnaokuna nazi nyingi kila siku, msivitie motoni vyote, viwekeni pembeni vile visivyo na ufa, nitapita mwenyewe Ijumaa jioni na gunia.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi,
Bagamoyo, Pwani